Tulivyopakua Mizigo Tukiwa Kitandani

Kabla sijaona kitu chochote, nilisikia magurudumu. Ulikuwa ukungu wa asubuhi ya Novemba, ule wa Anderlecht, hapa Brussels, unaopanda kutoka mferejini na kukaa barabarani kama mwenye nyumba. Nilikuwa nimesimama mbele ya geti la ghala, mkate mfukoni na leseni mpya ya malori mkononi, kana kwamba ukungu wenyewe ungeniomba niionyeshe. Ndani ya ule weupe kitu cha chuma kilikuwa kinapita juu ya bamba la chuma: ngara-ngara-ngara, kimya, kisha tena ngara-ngara-ngara. Nilidhani ni treni. Nimekulia Lubumbashi karibu na reli, na kwangu mimi kila kelele ya chuma ilikuwa treni hadi nionyeshwe kitu kingine.

Nilionyeshwa transpaleti. Ni ule mkokoteni wa chuma wenye meno mawili marefu, unaoingizwa chini ya mzigo, ukapampu mpini kwa mkono, mzigo ukainuka, ukauvuta. Ninyi madereva mnaujua, naueleza kwa ajili ya wake zenu, watakaosoma haya kabla yenu. Aliyekuwa anauvuta asubuhi ile hakuwa mfanyakazi wa ghala. Alikuwa dereva, mtu aliyetoka kuendesha lori kutoka Liège, na sasa alikuwa anajipakulia mzigo wake mwenyewe huku jasho likimtoka kwenye baridi.

Nimestaafu mwezi uliopita. Mmeniomba niandike kitu kuhusu miaka yangu, na sitawachosha na vyeo, maana dereva hapandishwi cheo, anabadilishiwa lori. Nitawajibu lile swali mnaloniuliza kila tukikutana kwenye mashine ya kahawa: je, dereva ashuke apakue mizigo ndani ya zamu yake, au abaki kwenye usukani? Jibu langu lina mguu uliovunjika ndani yake, na mguu huo haukuwa wangu.

Yule dereva mwenye jasho alikuwa Papa Ilunga. Mfupi, kifua kipana, kofia ya sufu aliyoivua kanisani na mbele ya polisi tu. Mkuu wa ghala alinikabidhi kwake wiki mbili nijifunze kazi.

"Jina?" aliniuliza.

"Célestin, papa."

"Unatoka wapi?"

"Lubumbashi. Kamalondo."

"Kamalondo! Bon. Kuendesha labda unajua, adabu haujue. Panda, Célé."

Hivyo ndivyo nilivyopoteza nusu ya jina langu, na hadi leo sijalirudishiwa.

Papa Ilunga alinifundisha kukagua mikanda ya kufungia mizigo kwa kidole, kwa sababu jicho hudanganywa na kidole hakidanganywi. Alinifundisha kurudi nyuma kwenye lango la ghala huku dirisha limefunguliwa hata kukiwa na theluji, ili nisikie mtu akipiga kelele. Na alinifundisha diski.

Ninyi mna kadi na kioo kidogo kinachowapigia mlio mkikosea. Sisi tulikuwa na duara la karatasi, kubwa kama kisahani cha chai, lililopakwa nta nyembamba. Unaandika jina lako katikati kabla ya kuwasha injini, unaliweka nyuma ya saa ya mwendo, na sindano inachora siku yako yote: mbio zako, vituo vyako, uvivu wako. Lori likienda, sindano inajua yenyewe. Lori likisimama, ni wewe unayegeuza kitufe. Kulikuwa na alama ya nyundo mbili zilizopishana, maana yake kazi nyingine. Kulikuwa na alama ya kitanda, maana yake mapumziko. Kulikuwa pia na kisanduku kilichokatwa kwa mstari, ambacho sikuwahi kukutana na dereva aliyejua ni cha nini. Na sheria ilikuwa kama ilivyo leo: ukiendesha kwa muda wa saa nne na nusu, lazima upumzike dakika arobaini na tano.

Hapo ndipo ilipoingia desturi yetu. Ukizima injini langoni, kabla mguu haujagusa ardhi, kidole gumba kinakwenda kwenye kitanda. Kisha unashuka, unavaa glavu, unapakua paleti ishirini na nne za nyanya za kopo, kila paleti jukwaa la mbao lililojaa mzigo. Ukimaliza, dakika zako arobaini na tano zimepita. Karatasi inasema umelala vizuri, unaruhusiwa kuendelea, na unafika nyumbani watoto bado hawajamaliza chakula. Nguo imelowa, mgongo unalia, lakini kwa mujibu wa diski wewe ni mtu aliyepumzika kuliko mfalme.

Desturi ilikuwa na mdogo wake, na huyu mdogo ndiye aliyenigharimu. Ukipita karibu na lori la mwenzako ukaona kitufe kimebaki kwenye nyundo, unapanda, unamgeuzia kitanda, unafunga mlango, na hulizungumzi. Ilikuwa fadhila, kama kumwambia mtu kwa sauti ndogo kwamba zipu yake iko wazi. Papa Ilunga alinifanyia hivyo mara tatu katika mwezi wangu wa kwanza.

Hakuna aliyetuamuru kupakua. Mkuu wa ghala, Monsieur Gaston, Mbrussels mwenye masharubu na penseli sikioni, hakuwahi kumwamuru dereva chochote. Alikuwa anashusha pumzi tu. Angeitazama mizigo, angeitazama saa ya ukutani, angekutazama wewe, kisha angeshusha pumzi ndefu kama mtu ambaye mama yake amelazwa. Ungejikuta umevaa glavu. Nilijaribu mara moja kukaa ndani ya lori na kusoma gazeti. Aliponijia dirishani na kushusha pumzi mara ya tatu, nilishuka mwenyewe na kumwomba radhi.

Na niseme kweli: nilipenda. Ndani ya ghala kulikuwa na joto. Ukitoka Arlon umekaa kama sanamu, damu inafurahi kuona mikono inafanya jambo. Harufu ya mbao za paleti na sabuni ya unga, redio ikiimba juu ya rafu, watu wakitaniana kwa lugha tano. Lori ni chumba cha mtu mmoja. Ghala lilikuwa mtaa.

Aliyetuharibia raha alikuwa Driss. Alitoka Tangier, aliendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kama mtu anayecheza ngoma, na ulimi wake ulikuwa na meno makali kuliko transpaleti.

"Mmeamkaje, mabwana?" alitusalimia kwa Kifaransa kila tulipoingia na glavu zetu. "Usingizi ulikuwa mtamu? Mkilala mnabeba tani ishirini. Mkiamka itakuwaje, mtabeba jengo?"

Papa Ilunga alicheka. "Driss, mzigo wangu ni mzigo wangu. Niliuleta, ninaushusha."

"Basi ushushe polepole, papa. Hapa tulikuwa watatu. Mmoja alipoacha kazi, Gaston akaangalia langoni, akaona madereva wanatosha, hakumtafuta mwingine. Wa pili akafuata. Nimebaki mimi. Siku mkijifunza foklifti, nitakwenda kulala kweli."

Tulicheka tena, lakini mwishoni mwa kicheko kila mmoja aliangalia viatu vyake.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu nilialikwa nyumbani kwa Papa Ilunga, Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zinazokufanya uheshimu waliopandisha kabati. Mke wake, Maman Béa, alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee Auderghem. Aliweka bukari, yaani ugali, na samaki mezani, akaketi, akatusikiliza tukijisifu jinsi tulivyomaliza paleti ishirini na nne kabla ya saa nne asubuhi.

"Na ile karatasi yenu inasema nini?" akauliza.

"Inasema tulilala," Papa Ilunga akajibu kwa fahari.

Maman Béa akaweka kijiko chini. "Siye ku kazi yetu, tukibeba muzee, tunaandika: tulibeba muzee. Hatuandike: tulikuwa tunakunywa chai. Donc weye, ukianguka mule mu ghala, utasema nini? Ulianguka ku kitanda?"

"Béa, acha mutu akule."

"Kula. Mi ninauliza paka." Paka ya kwetu si mnyama; maana yake ni "tu".

Papa Ilunga alikula. Lakini nilimwona akitafuna polepole, kama mtu aliyekuta mfupa na hataki mwenyeji ajue. Mimi nilichukua kipande cha pili cha samaki na sikufikiri lolote. Nawaambia hivyo ili mjue mpumbavu wa habari hii ni nani.

Jumanne iliyofuata tulifika langoni pamoja, lori lake kushoto, langu kulia. Yeye alikuwa na maji ya chupa, mimi sabuni. Alishuka kabla yangu. Nilipomaliza paleti zangu za kwanza nilitoka kuvuta hewa, nikapita kando ya lori lake, na kupitia dirishani nikaona kitufe. Nyundo.

Maskini, nikasema moyoni, uzee unaingia. Nikapanda, nikaweka kidole gumba, nikageuza. Kitanda. Nikafunga mlango taratibu. Nakumbuka nilipiga mluzi nikirudi ndani, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kumfanyia fadhila ile mtu aliyenifundisha.

Dakika kumi baadaye mguu mmoja wa paleti yake ulivunjika. Mzigo uliinama, akajaribu kuuzuia kwa bega kama mtu anayemshika ng'ombe, transpaleti ikarudi nyuma ikiwa na uzito wake wote, ikampanda mguu wa kushoto. Chupa zilianguka na kubingirika kila upande. Driss alikuja na foklifti akainua chuma kile kwa ustadi ambao bado ninauona, sentimita kwa sentimita. Gaston alikuja anakimbia. Kwa mara ya kwanza hakushusha pumzi, aliishika.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Siku tatu baadaye nilikwenda hospitalini na machungwa, nikamkuta Papa Ilunga ameegemea mito, plasta hadi gotini, hasira hadi kofiani.

"Madame Odile alinitumia barua," akasema. Madame Odile ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni. Alikuwa anasoma diski zetu kwa kioo cha kukuzia. "Anasema diski inaonyesha nyundo robo saa, kisha kitanda. Donc, nilimaliza kazi, nikarudi mu gari, nikaweka mapumziko, kisha nikaingia mule ndani kuchezea vyombo bya batu. Anasema haiko ajali ya kazi. Na Gaston anasema hajaniomba kitu. Ijumaa ya wiki kesho nitaitwa. Kama sina jibu, basi, kazi imeisha. Miaka ine mbele ya pension, Célé!"

"Lakini papa, kila siku tunaweka kitanda..."

"Apana! Siku ile niliweka nyundo!" Akapiga godoro. "Mara ya kwanza mu maisha yangu! Béa alinisumbua kichwa, nikasema bon, leo nitasema kweli, tuone. Na siku ile ile njo karatasi inasema nililala! Basi Madame anionyeshe kitanda chenyewe. Mi nakitaka, hiki cha hapa ni kigumu."

Nilikuwa namenya chungwa. Nililimenya hadi likabaki dogo kama limau, na nikaendelea.

"Kuko mutu alipanda mu gari yangu," akasema, akitazama dari. "Nikimujua."

 Kugusa diski ya mwenzako ni kufukuzwa papo hapo; ilikuwa hivyo wakati ule na ni hivyo sasa. Na kadi yangu ya kuishi Ubelgiji ilikuwa inangoja kurefushwa, nayo ilirefushwa kwa barua ya kazi. Nilimwekea machungwa yaliyobaki juu ya kabati, nikamwombea afya, nikashuka ngazi kwa sababu niliona aibu kusimama na watu kwenye lifti.

Jumatatu Driss alinizimia foklifti njiani.

"Nilikuona ukishuka kwenye lori lake."

"Nilifuata glavu zake."

"Glavu zilikuwa mikononi mwake." Akainama kutoka kwenye kiti chake. "Usiogope. Wakiniita nitasema sikuona kitu. Kifaransa changu cha kudanganya ni kizuri. Cha kwako kikoje?"

Akawasha mashine, akaniacha katikati ya ghala na swali lake.

Sikulijibu wiki nzima. Nilijaribu. Nikiwa njiani kwenda Namur niliyapanga maneno kwa sauti, peke yangu, na kwa kila kilomita yalikuwa mazuri zaidi. Niliongeza hali ya hewa, niliongeza mwanga mbaya, niliongeza glavu. Nilipofika Namur nilikuwa na hadithi ambayo mtu yeyote angeinunua, na mkate wangu ukiwa mzima mfukoni.

Ijumaa tuliketi ofisini: Madame Odile nyuma ya meza, Gaston ubavuni, Papa Ilunga na magongo yake mawili, na mimi, niliyeitwa kwa kuwa lori langu lilikuwa jirani. Diski ilikuwa katikati ya meza. Kitu kidogo kile. Jina la Papa Ilunga lilikuwa limeandikwa katikati kwa herufi zake za shule ya misheni, zilizonyooka kama watoto kwenye foleni.

"Bwana Ilunga," akasema Madame, kwa Kifaransa cha taratibu, "uliweka mapumziko mwenyewe?"

"Hapana, Madame."

"Basi kitufe kilijigeuza?"

"Labda kilichoka, Madame. Kilikuwa hakijazoea nyundo."

Madame hakucheka, ila aliangalia dirisha kidogo. Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa karibu. Uliona nini?"

Nilifungua kinywa nianze na hali ya hewa. Niliona yale magongo, na soksi moja ya sufu iliyokatwa ili iingie juu ya plasta, na mshono wake, wa Maman Béa bila shaka, mdogomdogo na sawasawa.

"Mimi ndiye niliyegeuza," nikasema.

Madame aliisogeza diski kando.

"Kwa nini?"

"Nilidhani amesahau, Madame."

"Amesahau nini?"

"Kudanganya, Madame."

Baada ya hapo hakukuwa na cha kuficha, nikaeleza yote: kidole gumba, paleti ishirini na nne, usingizi wetu wa tani ishirini, fadhila tunazofanyiana. Madame alisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza alimgeukia Gaston.

"Madereva wanapakua?"

Gaston alitazama dari. "Wanasaidia."

"Kila siku?"

"Kila siku kuna mizigo, Madame." Akashusha pumzi, na hiyo ndiyo pekee niliyowahi kumsikia akiishusha kwa ajili yake mwenyewe.

Madame alichukua fomu mpya. Aliandika: ajali kazini, wakati wa kupakua. Alimpa Gaston asaini kama shahidi, naye alisaini, penseli ikamdondoka sikioni. Madame akamrudisha ghalani.

Yaliyozaliwa na karatasi ile mnayaishi. Mnapogusa paleti mnaweka nyundo, kisha mnapumzika dakika zenu zote mkiwa mmeketi, hata kama Bruges inasubiri. Wiki ya kwanza malori yalipanga foleni hadi darajani, madereva wamekunja mikono, wanapumzika kwa nguvu zao zote, na Gaston akipita kati yao akivuma kama kiwanda. Kufikia wiki ya tano Driss alikuwa na wenzake wawili, akawa anawafundisha matusi. Kwa hiyo jibu langu, wadogo zangu: shukeni mkitaka. Dereva asiyeujua uzito wa mzigo wake kwa mikono anauendesha vibaya, na mimi nilipakua kwa hiari hadi mwaka jana, pale watu wa ghala walipozidiwa. Ila kazi iitwe kazi, iandikwe kazi, na isimwondolee mtu wa ghala mkate wake. Anayewaambia ni msaada tu, mwambieni asaini.

Ila ofisini siku ile hatukuyajua hayo, wala sikujua kama ningebaki na kazi. Papa Ilunga alikuwa bado ananitazama.

"Célé," akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Juu ya nini haukuniambia ku hospitali? Kule mguu ulikuwa umefungwa. Singeweza kukufukuza."

"Niliogopa, papa."

"Mi pia niliogopa. Siku kumi."

 Madame akasema, "Bwana Ilunga, unaweza kwenda nyumbani. Kazi yako iko palepale. Célestin, wewe baki."

Papa Ilunga alikusanya magongo yake, akasimama kwa awamu, akafika mlangoni. Hapo akageuka na kusema kwa Kifaransa, ili asikike: "Madame, huyu nilimfundisha mimi. Kile kidole gumba ni changu." Kisha kwangu, kwa lugha yetu: "Béa anapika bukari leo. Usikae sana unajitetea. Sema paka kweli, ni fupi."

Akausukuma mlango kwa bega, akatoka, gongo la kwanza, gongo la pili, na mlango ukajifunga nyuma yake.